Waundaji wa Mabasi ya Safari katika Amerika ya Kaskazini

Neno kuunda katika lugha yetu lilikuwa tangu kale neno la vyombo vya baharini. Fundi hulaza mkuku kwanza, akasimamisha mataruma, kisha akapigilia mbao. Nimelichagua neno hilo kwa makusudi, kwa kuwa habari ninayotaka kuieleza hapa ni ya mafundi walioanza kazi yao kwa mkuku, na ambao baada ya miaka michache waliuondoa mkuku huo kabisa, na chombo kikaenda. Nao ni mafundi wa mabasi ya safari ndefu ya Marekani na Kanada. Mkuku wao ni chesi, yaani ile fremu ya chini ya gari inayobeba injini, springi na ekseli, na ambayo juu yake hujengwa bodi.

Waandishi wengi waliotaja mabasi haya husifu zaidi umbo lake la nje: mbavu za alumini zenye kung'aa, vioo vikubwa, na picha ya mbwa anayekimbia. Sifa hizo si za uongo. Walakini mimi naona ya kuwa jambo kubwa limefichika chini ya bati. Kuondolewa kwa chesi ndiko kulikoamua nani ataendelea kuunda mabasi na nani atafunga karakana yake. Na mtu asiyelijua jambo hilo hataelewa kwa nini nchi iliyokuwa na waundaji wengi ilifika mahali pa kutegemea kampuni moja, wala kwa nini kampuni hiyo nayo imetoweka katika kazi hiyo.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mnyonge. Mwaka wa 1914, katika mji wa Hibbing, jimbo la Minnesota, penye machimbo ya chuma, mhamiaji mmoja kutoka Sweden aitwaye Carl Eric Wickman alikuwa na motokaa aina ya Hupmobile ambayo alishindwa kuiuza. Akaitumia kuwachukua wachimbaji mpaka kijiji cha Alice kwa nauli ya senti 15. Katika mbegu hiyo ndimo ilimochipuka kampuni iliyokuja kuitwa Greyhound. Abiria walipozidi, desturi ya siku zile ilikuwa kuikata motokaa kubwa katikati, kuiunga fremu na kuongeza safu za viti, hata gari likawa refu kama mtumbwi. Wengine walinunua chesi ya lori na kumkabidhi seremala.

Seremala mmoja wa namna hiyo alikuwa Eugène Prévost wa Sainte-Claire, kijiji cha Quebec katika Kanada. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabenchi ya makanisa na samani za shule. Mwaka wa 1924 aliletewa chesi mpya ya lori aina ya REO, akaombwa aijengee bodi ya basi. Akaijenga kwa mbao kama alivyozoea kujenga benchi. Katika Loudonville, mji mdogo wa Ohio, Hugo Young alikuwa akitengeneza vigari vya pembeni vya pikipiki, ambavyo kiungio chake kililegea ili kigari kiiname pamoja na pikipiki penye kona. Kwa ajili ya kiungio hicho kampuni yake iliitwa Flexible. Halafu mwaka wa 1919 ikaondoa herufi moja, ikawa Flxible, kwa kuwa sheria haikuruhusu neno la kawaida la lugha kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja. Bei ya motokaa za Ford iliposhuka, nani tena angetaka kigari cha pembeni? Kampuni ikageukia magari ya wagonjwa, magari ya maiti, na mabasi.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hatashangazwa na habari hizi. Mabasi mengi anayoyapanda yamezaliwa vivyo hivyo: chesi imetoka ng'ambo, na bodi imejengwa na mafundi wa hapa kwa vyuma vya kuchomelea na mabati. Kwa hiyo anapolitazama basi lake anaitazama hatua ambayo Wamarekani katika mabasi yao makubwa ya safari waliipita zamani, na faida na hasara za kuipita anaweza kuzipima kuliko wao wenyewe.

Walioanza kuitilia shaka chesi ya lori walikuwa ndugu wawili, Frank na William Fageol, wa Oakland katika California. Swali lao lilikuwa jepesi: kwa nini watu wachukuliwe juu ya fremu iliyokusudiwa magunia? Lori hujengwa juu ili lipite penye mashimo na lipakiwe kwa urahisi. Lakini abiria wakiketi juu namna hiyo, gari huyumba, na bibi mzee hulazimika kuukwea mlango kama mnazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ndugu hao walitoa gari waliloliita Safety Coach, yaani basi la salama. Fremu yake ilishushwa chini, na magurudumu yakawekwa mbalimbali zaidi, hata gari likatulia barabarani. Tangu hapo basi likawa na umbo lake lenyewe, si lori lililovikwa paa.

Lakini ndugu hao hawakuridhika. Injini ingali mbele, chini ya boneti ndefu, ikichukua nafasi ambayo ingeliketisha watu. Mwaka wa 1927 wakaanzisha kampuni nyingine katika mji wa Kent, Ohio, wakaiita Twin Coach. Jina hilo la pacha lilikuwa na maana: gari lilikuwa na injini mbili, moja kila ubavu, zimefichwa chini ya viti. Boneti ikatoweka, mlango ukawekwa mbele ya magurudumu ya mbele, na basi likafanana na sanduku, watu 40 wakaketi. Kwa macho ya siku zile lilikuwa sura ya ajabu, nalo ndilo babu wa mabasi yote ya mijini tuyaonayo leo. Kosa lake liko wazi: mwenye injini mbili ana matengenezo mara mbili.

Mtu wa tatu katika kisa hiki, Dwight Austin, hatajwi sana, nami nadhani kusahauliwa kwake si haki. Alifanya kazi katika kampuni ya Pickwick huko California, na mwaka wa 1928 aliunda kwa ajili yake basi la kulala usiku, lenye vyumba vya abiria 26 vilivyopandana kama rafu za duka. Wapenda maajabu hukumbuka vitanda vyake. Mimi napenda msomaji akumbuke jambo lingine, kwamba basi lile halikuwa na chesi ya kawaida. Bodi yake ya madini ilijibeba yenyewe.

Jambo hili yafaa nilieleze polepole. Chukua kisanduku cha kiberiti, utoe droo yake. Ukiishika ncha mbili na kuisokota, hupindika mara moja. Sasa irudishe ndani ya ganda lake ujaribu tena: hukaza. Karatasi ni ile ile, lakini sasa pande nne zote, juu, chini, kulia na kushoto, zinasaidiana. Basi la chesi ni kama droo iliyowekwa juu ya mbao mbili nzito. Mbao ndizo zinazobeba, na bodi ni mzigo juu yake. Basi lisilo na chesi ni kisanduku kamili. Paa hubeba, sakafu hubeba, hata nguzo zilizo baina ya madirisha hubeba. Uzito hupungua, na nafasi iliyokuwa ya fremu huwa tupu.

Austin alitatua na fumbo la pili. Akitaka kuiweka injini nyuma, mtu huona kwamba ikilazwa kwa urefu hula viti vya nyuma. Yeye aliilaza kwa upana, toka ubavu hata ubavu, kisha akaunda mfumo wa gia ambao shafti yake yatoka upande mmoja wa injini na kurudi kwa mshazari mpaka ekseli ya nyuma, kama herufi V. Mwaka wa 1934 akaingia na ujuzi wake katika kampuni ya Yellow Coach.

Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa Chicago na John D. Hertz, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Slovakia, aliyetajirika kwa teksi zake za manjano. Mwaka wa 1925 General Motors ilishika hatamu zake, na kiwanda kikakaa Pontiac, Michigan. Mwaka wa 1936 kikatoa kwa ajili ya Greyhound basi lililoitwa Super Coach, aina ya 719, ambamo mambo yote niliyoyataja yalikutana: hakuna chesi, hakuna boneti, injini nyuma kwa upana. Na kwa kuwa injini imeondoka mbele na fremu imeondoka chini, sakafu iliinuliwa juu ya magurudumu, na pale chini baina ya ekseli mbili pakapatikana ghala. Mizigo iliyokuwa ikifungwa juu ya paa na kufunikwa turubai ikashushwa tumboni mwa gari. Abiria waliketi juu, mbali na vumbi, wakitazama nchi. Anayeingia leo katika basi jipya la safari, popote duniani, aingia katika wazo lile la mwaka wa 1936. Muda si muda ikaja injini ya dizeli, na mwaka wa 1940 likaja basi la Silversides, ambalo Raymond Loewy alilivika zile mbavu za alumini. Loewy amepewa sifa nyingi. Ni haki yake. Lakini alilivika vazi umbo alilolikuta tayari.

Je, na seremala? Hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Maadam chesi ipo, mtu yeyote mwenye nyundo, mbao na subira aweza kuwa muundaji wa mabasi. Ataagiza chesi, atapima, ataanza. Chesi ikiondolewa, hana cha kuagiza. Muundaji sasa lazima achore kila nguzo na kukadiria nguvu ipitayo kila pembe ya dirisha. Awe na mashine za kukunja bati na za kupigilia ribiti kwa maelfu. Anunue au afanye injini, gia, na ekseli za namna yake pekee. Hiyo si kazi ya karakana ya kijijini. General Motors ilikuwa na vyote nyumbani mwake: injini yake ya dizeli, gia zake, hata kampuni yake ya kuwakopesha wanunuzi fedha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wapinzani walianguka mmoja mmoja. Twin Coach iliuza kazi yake ya mabasi kwa Flxible mwaka wa 1953. ACF-Brill ilifunga karibu na wakati uo huo, na Mack ikaacha kuunda mabasi mwaka wa 1960. Flxible yenyewe ilidumu mpaka mwaka wa 1996, nayo ilikuwa na jambo la kuchekesha: mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa Charles Kettering, mzaliwa wa karibu na Loudonville, ambaye wakati huohuo aliongoza utafiti wa General Motors.

Serikali ya Marekani haikunyamaza. Mwaka wa 1949 mahakama ya Chicago iliitia hatiani General Motors pamoja na Firestone, Mack, na makampuni ya mafuta, kwa kula njama ya kuyauzia mabasi, mafuta na mipira makampuni ya usafiri wa mijini chini ya National City Lines pasipo mashindano. Kila kampuni ilitozwa faini ya dola 5,000. Watu wengi hukuza habari hii wakasema ya kuwa njama hiyo ndiyo iliyoua tramu zote za Marekani; lakini katika shtaka la kutaka kuhodhi usafiri wenyewe washtakiwa waliachiliwa, na tramu zilikuwa na maradhi mengine. Kwa muundaji wa mabasi kesi nzito zaidi ni ile iliyofunguliwa mwaka wa 1956, kwa sababu iligusa soko la mabasi lenyewe. Ilimalizika kwa mapatano mwaka wa 1965: General Motors ilitakiwa kuwauzia wapinzani wake injini na gia zake. Wapinzani wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Kilele cha nguvu hiyo kilikuwa Scenicruiser. Kati ya 1954 na 1956 yaliundwa 1,001, yote kwa ajili ya Greyhound. Lilikuwa la futi 40, wakati majimbo mengi yalikuwa yameweka mpaka wa futi 35, hata Greyhound ikalazimika kuwabembeleza watunga sheria jimbo kwa jimbo. Sakafu yake ilikuwa ya ngazi mbili: abiria 10 chini nyuma ya dereva na 33 juu, wenye kioo chao cha mbele. Lilikuwa na choo, hewa baridi, ekseli tatu, na mifuko ya hewa mahali pa springi. Picha zake zilienea kote. Lakini injini ya dizeli yenye nguvu ya kutosha haikuwa tayari, basi wakaunganisha injini mbili ndogo, na kiungo chake kikawasumbua mafundi usiku na mchana. Tena, pale ngazi ya sakafu ilipoikata mistari ya ganda, nyufa zilitokea. Kisanduku cha kiberiti kilichotobolewa pabaya hupasuka hapo hapo. Mwaka wa 1961 na 1962 karibu yote yalifanyiwa ukarabati na Marmon-Herrington, yakaimarishwa na kutiwa injini moja moja.

Kampuni ya Continental Trailways, mshindani wa Greyhound, ililitamani basi la namna ile, ikaona haiwezi kulipata. Ikavuka bahari mpaka Ulm, Ujerumani, kwa kiwanda cha Kässbohrer, chenye mabasi yaitwayo Setra. Na jina Setra limefupishwa kutoka neno la Kijerumani lenye maana ya kujibeba mwenyewe. Huko likaundwa basi la Eagle, lililotegemea mpira uliosokotwa mahali pa springi. Baadaye liliundwa Ubelgiji, na tangu 1974 katika Brownsville, Texas. Mashabiki wake wangaliko.

Nisiache neno moja juu ya abiria. General Motors iliyapa mabasi yake majina ya herufi. Herufi P ilikuwa ya basi la safari, kifupi cha parlor, yaani sebule. Herufi T ilikuwa ya basi la mjini. TDH-3610 maana yake ni basi la mjini, la dizeli, lenye gia za majimaji, viti 36. Basi moja la aina hiyo, lililoundwa mwaka wa 1948, nambari 2857, ndilo alilopanda Rosa Parks mjini Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955, akakataa kuinuka. Wachoraji wa Pontiac walikuwa wamechora chumba kimoja, kisicho na ukuta wala mlango katikati. Mpaka baina ya Weupe na Weusi haukuwamo katika ramani yao. Uliwekwa na sheria ya mji na kusogezwa na dereva, safu kwa safu. Na huko nyuma walikotengewa Weusi ndiko injini ilikokuwa. Siku hizi gari hilo limewekwa katika jumba la makumbusho la Henry Ford huko Dearborn.

Mwisho wa General Motors haukuletwa na mahakama. Ulitoka Winnipeg, katika mbuga za Kanada. Mwaka wa 1933 Harry Zoltok alifungua huko karakana ndogo ya kutengeneza na kupaka rangi bodi za magari, iitwayo Fort Garry. Nayo ilianza kwa chesi za wengine, ikaitwa baadaye Motor Coach Industries, au MCI. Mwaka wa 1948 Greyhound ya Kanada ilinunua sehemu kubwa yake. Kwa miaka kadhaa ilihudumia Kanada tu. Kisha mwaka wa 1963 kiwanda cha pili kikafunguliwa Pembina, North Dakota, ng'ambo tu ya mpaka. Basi kumbe mnunuzi mkubwa kuliko wote sasa anajiundia mwenyewe! Mabasi ya MCI hayakuwa na uzuri wa Scenicruiser. Yalikuwa na sakafu sawa, chuma kisichoshika kutu ubavuni, na injini ya dizeli ile ile ya General Motors, kwa kuwa sasa ilikuwa ikiuzwa kwa wote. General Motors iliacha kuunda mabasi ya safari mwaka wa 1980, na mwaka wa 1987 ikauza kazi ya mabasi ya mijini. MCI ilipita mikononi mwa Dina ya Mexico mwaka wa 1994, na mwaka wa 2015 ikanunuliwa na New Flyer, jirani yake wa Winnipeg.

Kampuni ya seremala Prévost nayo iliishi, ikajifunza kuunda ganda la chuma, ikapata sifa kwa madirisha yake mapana, na mwaka wa 1995 ikachukuliwa na Volvo ya Sweden pamoja na Henlys ya Uingereza. Kiwanda kingali Sainte-Claire. Sehemu moja ya kazi yake ni kuuza ganda tupu, lenye injini na magurudumu lakini lisilo na kiti hata kimoja. Hununuliwa na karakana nyingine zinazowahudumia wanamuziki na matajiri wasafirio, na humo ndani mafundi seremala hupima, hukata mbao, na kujenga vitanda, makabati na mabenchi.